Daftari 187,400, droo 180,200: amekosea au amedanganya?

Ndugu, kabla hujamwita kijana wako wa dukani mwongo, shika kalamu. Pungufu ni 7,200. Igawe kwa 9: unapata 800 kamili. Hiyo ni dalili ya mkono kuteleza. Tarakimu zikibadilishana nafasi (1,900 ikaandikwa 9,100) au sifuri ikizidi, tofauti hugawanyika kwa 9 daima. Na kwa sifuri iliyozidi, jibu la kugawa ndiyo bei halisi. Kwa hiyo tafuta mstari wa 8,000 ambao ulipaswa kuwa 800. Angalia pia bidhaa ya mkopo iliyoandikwa kama taslimu. Hilo ndilo kosa la kila siku madukani.

Ila 9 haimsafishi mtu. Hata mwizi anaweza kuchukua 9,000.

Aliyekosea anaamini alichoandika. Mwongo anajua sicho, na anataka wewe uamini. Sasa moyo wa mtu huuoni, lakini daftari la wiki 4 unalo. Makosa ya kweli huenda pande zote: leo pungufu, keshokutwa ziada. Pungufu tupu, tena siku ambazo haupo, ni habari nyingine.

Ukimuuliza, usimtajie 7,200. Mwambie akupitishe mauzo ya jana, mstari kwa mstari. Aliyekosea mara nyingi atasimama mwenyewe kwenye mstari wenye kasoro. Akishaonyeshwa kosa, kisha jioni akarudia maelezo yaleyale, hapo ndipo uongo unapoanza.

Kigugumizi na jasho visikupotoshe; mbele ya bosi hata msema kweli hutetemeka.