Mwanangu, kuhusu ule mfuko wa nyumba

Igoma, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza kama uweke akiba yako ya miaka minne kwenye mfuko unaonunua nyumba za kupangisha huko Uingereza, kwa kuwa bei zimeshuka. Nakuandikia ili uweze kurudia kusoma.

Ulikuwa mdogo mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria. Vyumba vyetu sita vilikuwa vimejaa vijana wa viwanda vya minofu ya sangara. Haikupita miezi mingi, vinne vikabaki na makufuli. Kijana mmoja aliacha ndoo na godoro mlangoni, akarudi kwao Ukerewe na kodi yangu ya miezi mitatu. Dalali akaniletea mnunuzi wa bei ya kutupa. Nyumba ilikuwa ile ile, bati lile lile. Kilichokatika ni mishahara ya wapangaji. Mimi nilingoja kwa sababu sikuwa na mkopo. Jirani yetu aliyejengea mkopo, yake ilipigwa mnada.

Ndiyo maana bei kushuka peke yake hakunishawishi. Bei za nyumba Marekani zilianza kuporomoka baada ya 2006 na hazikufika chini kabisa hadi 2012. Aliyenunua 2009 akijua amewahi, alikaa miaka mitatu akizitazama zikishuka. Blackstone, kampuni kubwa ya uwekezaji ya huko, ilianza kununua nyumba za familia kwa maelfu mwaka 2012, ikazipangisha. Waliopoteza nyumba zao bado walihitaji pa kulala, na kodi ikaingia. Uliza kwanza wapangaji wa mfuko wako ni akina nani na wanalipwa mshahara na nani. Kisha uliza mfuko unadaiwa kiasi gani, na mkopo huo lazima urudishwe lini.

La kutoka, yaani kuitoa pesa yako mfukoni humo, ndilo linaloninyima usingizi. Nyumba haiuziki asubuhi moja kama dagaa wa Mwaloni Kirumba. Julai 2016, baada ya kura ya Brexit, ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, mifuko kadhaa ya majengo huko huko ulipo ilisimamisha kuwarudishia watu pesa, kwa sababu wote walitaka kutoka siku moja. Mingi ilimiliki maofisi na maduka, lakini mlango ni ule ule. Mimi ningechagua ule ulioorodheshwa kwenye soko la hisa: unauza siku yoyote, japo kwa bei ya siku hiyo. Soko likiwa baya, hisa zake huweza kuuzwa chini ya thamani ya nyumba zilizomo, na hapo ndipo unafuu wa kweli ulipo. Tena sheria ya huko inaidai mifuko ya aina hiyo inayoitwa REIT, yaani kampuni za kumiliki majengo ya kupangisha, igawe angalau asilimia 90 ya faida ya kodi ya wapangaji kwa wenye hisa.

Weka theluthi, mwanangu, ile usiyoihitaji kwa miaka mitano. Ada ya mdogo wako usiiguse.

Nipigie picha ukurasa wa madeni kwenye ripoti yao, iwe kubwa, niusome na miwani. Chumba cha kona kimepata mtu jana, mwalimu, kalipa miezi sita.

Mama yako