Goti bandia likianza kuvuja, usikimbilie duka la dawa

Mama yangu alibadilishiwa goti la kulia baada ya gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, kusagika hadi mguu ukapinda kama wa mwenye matege. Mimi ndiye niliyemuuguza, na tangu hapo jamaa ambao wazazi wao wameandikiwa upasuaji huo, wa goti au wa nyonga, huniuliza zaidi kuhusu maumivu. Naona yapo mambo mawili mazito kuliko hayo: jinsi mguu utakavyonyooshwa, na hatua za kuchukua iwapo kiungo kipya kitaingiwa na bakteria.

Kuhusu la kwanza, ombeni picha ya eksirei ya mguu mzima, mgonjwa akiwa amesimama. Mstari unaotoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu hupita karibu na katikati ya goti. Kwa mwenye matege hupita upande wa ndani, na upande huo ndio unaobeba mzigo na kusagika. Wapo madaktari wanaonyoosha kabisa na wapo wanaoacha mpindo kidogo wa asili, kwa hiyo ni haki yenu kuuliza daktari wenu amechagua njia ipi na kwa nini. Kwa nyonga, ulizeni kuhusu urefu wa miguu na mkao wa kikombe, yaani tundu bandia linaloshika kichwa cha nyonga, kwa sababu kikikaa vibaya kichwa cha nyonga huweza kuchomoka.

La pili ndilo linalonitia hofu zaidi. Maambukizi huwapata takriban mgonjwa 1 hadi 2 kati ya 100, lakini yakiingia hayatoki kirahisi, kwani bakteria hujishikiza kwenye chuma na plastiki na kujijengea utando ambao dawa hupenya kwa shida. Mshono wa mama ulipoanza kutoa majimaji wakati ulipaswa kuwa mkavu, majirani wema walituletea kapsuli za antibayotiki. Hatukumpa, kwa kuwa daktari alikwisha kutuonya: dawa inayomezwa kabla ya maji ya goti kuvutwa kwa sindano na kupelekwa maabara huweza kuwaficha bakteria bila kuwaua. Mgonjwa aliyezidiwa kwa homa kali ni suala jingine, naye akimbizwe hospitali mara moja.

Kwa kuwa tuliwahi, goti lilifunguliwa, likasafishwa na kubadilishiwa kipande cha plastiki, chuma kikabaki, kisha mama akatumia dawa kwa wiki nyingi. Anayechelewa mara nyingi hutolewa kiungo chote, akawekewa kwa muda simenti ya mifupa yenye antibayotiki, na baadaye akapasuliwa tena ili awekewe kingine. Ni mateso makubwa kwa mzee, na gharama yake huitikisa familia nzima.

Kabla ya upasuaji, tibuni meno yaliyooza na vidonda vya ngozi, shusheni sukari, na anayevuta sigara aache. Baadaye pia, hata miaka ikiwa imepita, goti lililotulia likianza ghafla kuuma, kuvimba na kupata joto, mrudisheni mgonjwa kwa aliyempasua, mkiwa na karatasi yenye aina na namba za kiungo alichowekewa, kwa maana bila hiyo daktari mwingine hupata taabu kujua vifaa vinavyolingana nacho.