Kupima ufuatiliaji wa vijana baada ya hospitali

Ndugu yangu, umeuliza mtajuaje kama kuwafuatilia vijana waliojaribu kujiua hapo Malindi kunawasaidia. Msitegemee hesabu ya vifo, kwani katika kundi dogo haisemi kitu; hata utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008, ulioonyesha kwamba kuwasiliana na mgonjwa mara kwa mara kwa miezi 18 kulipunguza vifo, ulihitaji watu 1,867 katika nchi 5. Angalieni kwanza zilipita siku ngapi tangu kijana aruhusiwe hadi apigiwe simu, maana majuma ya mwanzo ndiyo ya hatari zaidi. Kisha mwulizeni mwenyewe, faraghani; barazani, mbele ya wazee, atajibu “sijambo” tu.