Maswali Yenu ya Lugha: Shule, école, szkoła, ni neno moja au mengi?

Swali: Habari za kazi mhariri. Mi najifunza Kijerumani, mdogo wangu anajifunza Kifaransa. Kwangu mimi shule ni "Schule", karibu sawa kabisa na Kiswahili, kwake yeye ni "école" ambayo naona haifanani na kitu. Hivi haya maneno ni ndugu kweli au kila mtu ana la kwake?

Jibu: Ni ndugu wa damu kabisa, tena ukoo wenyewe ni mkubwa kuliko unavyodhani. Wote wametoka kwenye Kilatini "schola", na Kilatini nacho kililichukua kwa Wagiriki waliosema "skholē". Dola ya Roma ilipoanguka neno halikufa, maana Kilatini kilibaki kuwa lugha ya kanisa na ya kusomea, kwa hiyo kokote watawa walikoenda kufundisha watu kusoma neno lilienda nao. Ndo maana leo Mwitaliano anasema "scuola", Mreno "escola", Mholanzi "school", Mswidi "skola", Mpolandi "szkoła", Mrusi "shkola", Mualbania "shkollë", na Mwairishi "scoil".

Sasa huo mkanganyiko wa mdogo wako unatoka kwenye zile herufi mbili za mwanzo, s na k zikiwa zimebanana, kuna watu ulimi wao ulikataa kabisa kuanza neno hivyo. Mspania akaweka e mbele ndo ikawa "escuela", Mhungaria akaweka i ikawa "iskola", Mfini yeye akaitupa tu ile s, akabaki na "koulu". Mfaransa alianza kama Mspania, zamani alikuwa anasema "escole", halafu baadaye s ikamezwa na kupotea, ikabaki "école". Mwambie mdogo wako hiyo é ya mwanzo mara nyingi ni kaburi la s, akiona "étudiant" aitoe é aweke s atakutana na "Student" wa kwako, akiona "état" afanye hivyohivyo atakutana na "Staat" ambayo ni dola. Siyo kila neno linakubali ila yanayokubali ni mengi sana, na ukishaizoea hiyo Kifaransa kinafunguka kwa kasi.

Ya Wales mi naipenda kuliko zote. Wao wanasema "ysgol", wameweka y mbele. Lakini kwao "ysgol" pia ni ngazi, ile ya kupandia, kwa sababu Kilatini kilikuwa na "schola" ya shule na "scala" ya ngazi, yakapita kwenye midomo ileile miaka na miaka mpaka yakatoka yanafanana herufi kwa herufi. Ni maneno mawili tofauti yaliyokutana njiani, asije mtu akakuambia waliita shule ngazi kwa sababu ya kupanda kimaisha.

Na kufanana na Kiswahili siyo bahati, "shule" yetu tumeipata kwa Wajerumani walipotawala upande huu wa Afrika Mashariki, wakati "skuli" ya Zanzibar imepitia kwa Waingereza. Kwa hiyo sisi wenyewe tumelipokea neno hilohilo moja mara mbili, kwa milango miwili.

Swali: Kuna mtu aliniambia eti neno shule kwa asili lilimaanisha kupumzika. Nikamwambia aache uongo. Nani yuko sahihi?

Jibu: Yeye yuko sahihi, na naomba umrudie umwambie, maana hili jambo ni zuri na halipaswi kuachwa lionekane uzushi. "Skholē" kwa Wagiriki wa kale ilikuwa ni wasaa, yaani ule muda ambao hakuna kazi inayokusukuma, na asili yake inahusishwa na kitenzi cha kushika au kuzuia, kama mtu aliyeizuia kazi kidogo ili apate nafasi. Watu wenye wasaa wakawa wanautumia kukaa na kujadiliana mambo, neno likahama taratibu kutoka kwenye muda kwenda kwenye yale majadiliano, kisha kwenye mahali penyewe. Na kazi je? Kazi waliiita "askholia", yaani kukosa wasaa, kazi haikuwa hata na jina la kwake hapo, imetajwa kwa kile inachokunyima! Aristotle ameandika kwamba tunashughulika ili tupate wasaa. Warumi nao wana hivyohivyo, "otium" ni wasaa na "negotium" ni kutokuwa nao, na hapo ndo Mspania kapata "negocio" ya biashara na Mwitaliano "negozio" ambayo ni duka.

Halafu hao Warumi shule ya watoto wadogo waliiita "ludus", neno ambalo pia ni mchezo. Kwa hiyo ustaarabu wote mbili hizi, ukifuata maneno yao, hawakuanza na kiboko.

Ugiriki ya leo maana zote mbili bado zipo hai, tofauti ni mkazo tu, ukikaza mwisho "scholí" ni chuo au kitivo, ukikaza mwanzo "schóli" ni siku ya mapumziko. Na mtu akitoka kazini jioni anatumia kitenzi cha shina hilohilo kusema ametoka.

Swali: Hakuna lugha ya Ulaya iliyokataa hilo neno?

Jibu: Zipo. Walithuania wanasema "mokykla" kutoka kitenzi chao cha kufundisha, Wabulgaria "uchilishte", nalo limetoka kwenye kufundisha. Waturuki ambao nchi yao ina mguu mmoja Ulaya walikuwa na "mektep", hilo ni la Kiarabu, limetoka shina moja na kitabu chetu, halafu miaka ya 1930 walipokuwa wanasafisha lugha wakaweka "okul", wakiliegemeza kwenye kitenzi chao cha kusoma "okumak" huku "école" ya Kifaransa ikiwa inasikika kabisa ndani yake.

Swali: Kwa Kiingereza kundi la samaki nalo linaitwa "school". Ni lilelile?

Jibu: Hapana, hilo ni la Kiholanzi, lilimaanisha kundi au kikosi, na halina uhusiano wowote na Wagiriki.