Hita ya gesi au ya umeme kwa nyumba ya kupangisha Tanga: yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza nyumba yako ya Kange ya wapangaji wanne uwafungie bafuni hita za gesi au za umeme. Naona waliotangulia wanakujibu "Tanga joto, maji ya moto ya nini?" Hao hawajapangisha. Kusi likianza kuvuma, mpangaji aliyezoea Lushoto, kule milimani kwenye baridi, anauliza maji ya moto kabla hajauliza kodi.

Mimi nina nyumba ya pande tatu, Mikanjuni. Nilianza na gesi kwa kuogopa LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Ile hita ya umeme inayochemsha maji hapo hapo unapooga inakula hadi kilowati 5.5. Watu wanne, dakika nane nane, ni karibu uniti tatu kwa siku. Mwezi ukiisha zimepita 85, na hapo hujawasha hata taa. Mpangaji aliye D1, ile nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, kashaipoteza kwa kuoga tu. Nikaona gesi ndiyo akili.

Fundi akaifunga ndani ya bafu, nami nikamwachia. Bafu lenyewe kidirisha kama kiganja, na mpangaji kakiziba kwa nailoni, eti mbu. Jioni moja mkewe anasikia maji yanamwagika, anaita, haitikiwi. Tulivunja kitasa. Jamaa kakaa chini, kaegemea ukuta, hajitambui, maji yanampiga mabegani. Kilichonishangaza, hakukuwa na harufu ya gesi hata kidogo. Mtungi haukuvuja. Moto ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, nayo haina rangi wala harufu. Alilazwa siku mbili, akapona, akahama. Sikumdai hata kodi ya mwezi ule.

Hita ya gesi si mbaya, ila ikae nje ukutani, maji yaingie ndani kwa bomba. Na kwa mpangaji hata hiyo siiamini sana: wewe huishi pale, huwezi kujua lini kaihamishia ndani kwa kuogopa wezi.

Sasa nina umeme pande zote, na huko nako niliungua kidole. Fundi wa pili alichomeka hita kwenye soketi ya kawaida, waya mwembamba wa 2.5 (milimita za mraba). Hita ile inavuta ampea 24. Wiki haikuisha, plagi ikawa nyeusi na kunata kama halua. Vuta waya wa 6 kutoka kwenye mein swichi, breka yake peke yake, na ethi (waya wa ardhini) ipimwe, usiambiwe tu "ipo".

Halafu maji. Kama ni ya kisima na yana chumvi, mwambie muuzaji mapema akupe hita ya maji ya chumvi. Zile za kawaida, elementi imeachwa wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri mno. Mpangaji wangu mmoja alikuwa akifungulia bomba kwa kandambili mkononi asipigwe shoti, mwezi mzima, bila kuniambia!

Kila mpangaji awe na LUKU yake. Ukiwachangisha mita moja, kila Jumapili utaitwa kuamua nani kaoga mara tatu. Jikoni waachie mitungi yao. Wewe toboa tundu la hewa chini ya ukuta, usawa wa sakafu, maana gesi ya mtungi nzito, ikivuja inatambaa chini.

Ile hita yangu ya gesi bado iko stoo. Ukiitaka njoo uichukue bure, ila uifunge nje.