Maswali na Majibu: Kurudi chuoni na kitambulisho cha kazi shingoni

Ujumbe umekuwa mwingi wiki hizi, na mwingi umetoka kwa watu wa afya wa Kilimanjaro na Arusha wanaofikiria kusomea shahada ya uzamivu, yaani PhD, katika huduma za afya. Nimechagua sita. Kwa wasionifahamu: mimi ni muuguzi, nilirudi darasani nikiwa na miaka 43, na siku ya kwanza sikuwa na mada. Nilikuwa na daftari la maudhi ya kazini.

Shikamoo dada. Ni muuguzi hapa Hai, nina miaka 46. Wenzangu wananicheka, wanasema nikimaliza tu nastaafu. Nimechelewa?

Marahaba. Piga hesabu kwanza. Katika utumishi wa umma kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55. Uzamivu hupangiwa miaka mitatu, lakini anayesoma huku anaingia zamu akimaliza kwa mitano hajafanya vibaya. Utakuwa na 51. Miaka tisa ya kazi si haba.

Hao wanaocheka waache. Mimi ningekuuliza jambo jingine: kuna kitu gani kazini kinachokunyima usingizi ambacho hakuna mtu ameweza kukueleza? Kama kipo, umri si tatizo. Kama unachotaka ni kuitwa dokta kwenye vikao vya harusi, miaka mitano ni bei kubwa mno.

Nimekubaliwa kuanza, ila kila nikimpelekea msimamizi mada anasema "punguza". Ya kwanza ilikuwa "Ubora wa huduma za afya mkoani Arusha". Ya tatu bado kubwa. Nipunguze mpaka wapi? (Usa River)

Mpaka iingie kwenye rejista moja.

Sikutanii. Mada yangu ilianza kwenye leja ya dawa. Nilikuwa nikitembelea zahanati mbili za wilaya moja, zote zina mganga mfawidhi mmoja na wauguzi wachache, zote zinapokea fedha kwa utaratibu uleule. Kumbuka kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kukwama halmashauri. Basi zahanati ya kwanza leja yake ilijazwa kwa kalamu ya bluu, kila mstari na saini, na dawa mseto ya malaria haikuwa imekatika kwa miezi minane. Ya pili leja ilikuwa imesimama mwezi wa nne. Kurasa zilizofuata nyeupe kabisa, na katikati yake risiti ya mafuta ya pikipiki. Mama mmoja dirishani akaambiwa "dawa imeisha, kanunue", na alivyogeuka bila kushangaa ndiko kulikoniuma.

Fedha ni zilezile, wilaya ileile, kwa nini dawa ziwe hapa na kule zisiwepo? Hilo ndilo swali la huduma za afya. Halimuulizi daktari ugonjwa unatibiwaje. Linauliza kwa nini tiba ambayo tayari tunaijua haimfikii mtu.

Ukikwama, rudi kwa Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani. Mwaka 1966 alipendekeza ubora wa huduma uangaliwe kwa sehemu tatu: muundo (majengo, watu, vifaa, fedha), mchakato (yanayofanyika kati ya mhudumu na mgonjwa) na matokeo. Wengi wetu tukisema "ubora" tunachanganya yote matatu kwenye sufuria moja, halafu tunashangaa msimamizi anaweka alama nyekundu. Wewe chagua uhusiano mmoja. Kwa mfano: je, vituo ambavyo kamati ya usimamizi inakaa vikao vyake kweli hukosa dawa mara chache kuliko vile ambavyo muhtasari unaandikwa ofisini peke yake? Hapo umepunguza, na bado utahitaji miaka mitatu.

Ni mganga mfawidhi. Faili za wagonjwa ninazo kabatini mwangu na wauguzi ni wangu. Kwa nini nihangaike na kibali cha maadili kana kwamba naingia nyumba ya mtu?

Kwa sababu unaingia nyumba ya mtu. Faili liko kabatini mwako kwa ajili ya matibabu. Siku unapolifungua kwa ajili ya tasnifu umebadilisha kazi, na mgonjwa hakukubaliana na kazi hiyo ya pili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ipo, na taarifa za afya zimo. Njia inajulikana: kamati ya maadili ya chuo chako, kisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pale kibali cha kitaifa kinapotakiwa. Baada ya hapo barua za mkoa, halmashauri, mpaka kituo. Anza mapema. Nimeona watu wakipoteza msimu mzima kwa fomu ya ridhaa iliyosahau kumweleza mtu kwamba anaweza kujitoa.

Lakini lililo gumu zaidi kwako si barua. Ni hao unaowaita "wauguzi wangu". Mimi niliwahi kwenda kuwahoji wenzangu nikiwa nimevaa sare, nimetoka zamu moja kwa moja, nikajiona ninaokoa muda. Kumi na moja niliwahoji. Wote kumi na mmoja walisema usimamizi ni mzuri, ushirikiano upo, changamoto ni ndogondogo. Jioni nikakaa nao kwenye benchi la nyuma tukisubiri gari, na hapo ndipo niliposikia kila kitu, tena bila kuulizwa. Nilizitupa zile hojaji zote. Safari ya pili nilimtuma msaidizi asiyejulikana kituoni, nami nikahamia wilaya nyingine kabisa.

Fanya hivyo. Usitafiti pale unaposaini likizo za watu.

Dodoso langu ni la Kiingereza, nimelitafsiri Kiswahili, lakini wagonjwa wote "wanaridhika sana". Nifurahi?

Usifurahi. Muulize bibi wa Uru au Kibosho kama ameridhika na huduma, atakujibu "tunashukuru". Kwetu hilo ni jibu la adabu kwa mgeni aliyeketi mbele yako na kalamu. Halipimi kitu. Ukiandika "ameridhika, alama 5", umepima malezi yake.

Tafsiri yako ipelekwe kwa mtu mwingine airudishe Kiingereza bila kuona ya awali, mlinganishe. Kisha uliza yaliyotokea, acha hisia: Ulifika saa ngapi? Uliingia kwa daktari saa ngapi? Aliyekuhudumia alikutajia jina la ugonjwa? Ulitoka na dawa zote ulizoandikiwa, au nyingine ulinunua nje? Bibi yuleyule anayeshukuru atakwambia alifika saa moja asubuhi, akatoka saa tisa, na dawa mbili kati ya tatu hakupata. Na umhoji mbali na kituo. Chini ya mgomba wake anasema zaidi kuliko kwenye benchi la wagonjwa wa nje.

(Kama unakusanya takwimu Rombo au Marangu, ruka nusu ya pili ya Desemba. Wanaokaa Dar wote wamerudi migombani, mbuzi wanachinjwa, na hakuna atakayekaa nawe dakika arobaini kwa ajili ya dodoso. Sampuli yako nayo itajaa watu wa Kimara.)

Nimeona tangazo la chuo cha nje, PhD ya usimamizi wa afya, miezi kumi na minane, yote mtandaoni, hakuna utafiti wa uwandani. Ada yake ni ndogo kuliko hapa. Nilipe? (Njiro)

Kabla ya senti moja kutoka, waulize Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama chuo na shahada hiyo vinatambuliwa. Uzamivu usio na utafiti mimi ningeukimbia.

Kusoma na chuo cha nje si kosa, ila jua unachonunua. Marekani, kwa kawaida, PhD ya huduma za afya huanza na masomo ya darasani na mtihani mkubwa kabla hujagusa tasnifu. Wana pia DrPH, shahada ya udaktari ya afya ya jamii inayomlenga zaidi kiongozi wa programu kuliko mtafiti. Kwa mtu wa Njiro anayetaka kubaki kazini, ningeanza kuuliza karibu: Chuo Kikuu cha KCMC hapa Moshi, Muhimbili kule Dar, au Chuo Kikuu Huria ambacho kina vituo mikoani. Kuhusu ada na ruhusa, nenda kwa afisa utumishi wako uulize jinsi ya kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai. Ukienda Agosti utaambiwa usubiri mwakani.

Mke wangu ni katibu wa afya na anasoma. Kila jioni meza ya chakula imejaa makaratasi. Namuunga mkono, lakini itaisha lini? Na akimaliza, tutaanza kumwita dokta?

Shemeji, itaisha siku atakapotetea tasnifu, na hata hapo atapewa masahihisho. Mnunulie meza yake. Yangu ilitengenezwa na fundi wa Majengo, mbao za mkaratusi, ina mguu mmoja mfupi mpaka leo.

Udokta utakuja wenyewe, na una gharama zake. Wiki ya kwanza baada ya mahafali, jirani alinigongea saa sita usiku na mtoto mwenye degedege. "Dokta, tusaidie." Sikuanza kumfafanulia tofauti ya dokta na dokta. Uuguzi sikuusahau: nilimlaza mtoto kwa ubavu, nikamlegeza nguo, tukaita bajaji. Kituo cha afya tulikuta taa inawaka na muuguzi wa zamu yupo macho. Nikiwa nasubiri pale koridoni nilijikuta nasoma tarehe kwenye kadi ya dawa iliyobandikwa mlangoni mwa stoo. Ilikuwa imejazwa mpaka jana yake.