Video nyumbani, maswali darasani: mwalimu katutupia kazi yake?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko sekondari, ticha wetu wa hesabu siku hizi anatutumia video tukaangalie nyumbani afu darasani ni maswali tu. Wenzangu wengine wanaufagilia huo mtindo ila mi naona katutupia kazi yake, yaani video dakika 40, ukikwama usiku hakuna wa kumuuliza, kesho yake wasioangalia wanafundishwa upya na sisi tulioangalia tumekaa tu. Nakosea?

JIBU: Marahaba. Hukosei, na asikwambie mtu we ni mvivu. Mtindo huu ulivuma kupitia walimu wawili wa kemia huko Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, ambao mwaka 2007 walianza kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wanakosa vipindi. Faida kubwa ilikuja kuonekana darasani kwenyewe, kipindi kikawa wazi, mwalimu anapita meza kwa meza anakaa na aliyekwama.

Sasa wenzako wanaoupenda nao wana hoja, video unaisimamisha, unarudisha nyuma hata mara tano na hakuna wa kukucheka. Lakini dakika 40 hapana jamani! Dakika 10 au chini ya hapo zinatosha, maana masomo matatu yakienda hivyo jioni yote imeisha, na hapo sijamtaja asiye na bando au anayesubiri simu ya mzazi.

Kinachoniuma zaidi ni hilo la kufundisha upya. Ukishafanya hivyo umewaambia walioangalia kwamba wamejisumbua bure, wiki ijayo nao hawaangalii. Asiyeangalia akae pembeni aangalie hapohapo, wengine waendelee.

We ukiangalia, andika dakika na swali lako, mfano "dakika ya 6, kwenye x² − 5x + 6 = 0, hizo −2 na −3 zimetoka wapi?" Hilo ticha analimaliza chap, ni namba mbili ukizizidisha unapata 6, ukizijumlisha unapata −5. Ukisema tu "sijaelewa" ataanza somo zima upya, ndo hayohayo unayoyalalamikia.

Afu nendeni wawili watatu mkamwone baada ya kipindi, kwa heshima, mwombeni video fupi, awawekee kwenye flashi wasio na intaneti, na dakika tano za mwanzo ziwe za maswali ya jana usiku.